Khabari ya Majarra, Nayo Ndiyo Njia Nyeupe ya Mbinguni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyota, na akaliumba giza lililo baina ya nyota. Na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu wa pwani, yako mambo ambayo mtu huyapoteza bila ya kunyang'anywa na adui, wala haijui siku aliyoyapoteza. Miongoni mwa mambo hayo ni mbingu ya usiku. Wazee wa Lamu na Mombasa, wa Tanga na Unguja, waliijua mbingu kama mtu aijuavyo mitaa ya mji wake. Nahodha aliyeshuka na kaskazi kutoka Shihr au Maskati hakuwa na cha kumwongoza ila dira, na macho yake, na nyota. Ahmad bin Majid, mwalimu wa mabaharia aliyetoka Julfar katika pande za Oman, alitunga Kitabu al-Fawaid mnamo mwaka 1490, na katika ilimu ile urefu wa nyota juu ya bahari ulipimwa kwa vidole vya mkono. Leo mjukuu wa baharia akiulizwa Suheli i wapi, huinua kichwa, akaona wekundu wa taa za mji, akakirudisha kichwa chini.

Huenda mtu akasema, Na liwe, kwani bahari sasa ina mitambo, na simu ya mfukoni ina dira ndani yake. Basi na uchukuliwe mfano.

Mtu wa Tanga, mfanyabiashara, amepanda bara kwenda kununua vitunguu saumu. Amefika Bashay, katika nchi ya Mbulu, mkoa wa Manyara, nchi ya juu yenye baridi, wakaao Wairaqw, wakulima na wafugaji. Ni mwezi wa Julai, na mwezi wa Kiislamu umebakisha siku mbili kwisha. Jua limekwisha kuchwa, umeme umekatika, na simu yake imezimika pamoja na dira yake. Mwenyeji wake ni mzee wa Kiiraqw asiye Muislamu, lakini mtu wa adabu; amemletea maji ya kutawadha, na amemtandikia ngozi safi uani. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, nyinyi mwasali mkielekea wapi?" Akajibu, "Makka, mzee." Mzee akauliza tena, si kwa kejeli bali kwa kutaka kujua, "Na Makka, kutoka hapa, i upande gani?"

Yule mtu akanyamaza. Kwao Tanga hakupata kuulizwa neno hilo tangu kuzaliwa. Mihirabu ya msikiti ilikuwa ikimjibia. Akaona haya kusema sijui mbele ya mtu asiye wa dini yake, akanyosha mkono upande mmoja, akasali Magharibi na Isha. Asubuhi alipoamka ngozi ilikuwa bado imetandikwa pale pale, na jua likachomoza mbele yake barabara. Alikuwa amesali akiielekea mashariki.

Hukumu ya mas'ala haya inajulikana kwa wenye kusoma Minhaj ya Imamu Nawawi. Aliyejitahidi kutafuta kibla kwa dalili zake, kisha ikambainikia kwa yakini kuwa amekosea, huirudia sala yake kwa kauli iliyo na nguvu. Huyu wa Tanga hakujitahidi hata kidogo. Alinyosha mkono kwa kuona haya. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa kujifunza dalili za kibla ni fardhi ya kifaya kwa watu waliokaa mjini mwao, na ni fardhi ya kila mtu kwa nafsi yake kwa atakaye kusafiri. Dira ni dalili njema, wala hapana anayeikataza. Lakini dalili iliyo juu ya kichwa cha msafiri usiku ule haikuhitaji umeme, nayo ilikuwa imetanda kutoka upeo hata upeo. Ila yeye alikuwa hajui kuisoma.

Lau angaliinua macho, angaliona mkanda mweupe, umeanzia kusini-magharibi kwenye nyota za Salibu, ukapita kwenye mkia wa Akarabu, ukanenepa na kung'aa kuliko mahali pengine pote katika nyota za Kausi, kisha ukateremka kwenda kaskazini-mashariki. Na katikati ya weupe ule angaliona mabaka na mipasuko myeusi, kama kanzu iliyomwagikiwa wino. Wala mbingu ile si ya watu wa Bashay peke yao. Bashay i kusini ya mstari wa Ikweta kwa digrii 4 hivi, na Mombasa vile vile. Nyota zipitazo juu ya mahindi ya Mbulu ndizo zipitazo juu ya Ngome ya Yesu. Tofauti ni taa tu.

Waarabu waliuita mkanda huo Majarra, yaani mahali palipoburuzwa kitu pakabaki alama. Na wengine wakauita njia ya wachukuzi wa makapi, kana kwamba watu walipita na mizigo ya majani makavu yakawa yakiwadondoka. Waturuki waliuita Njia ya Mahujaji. Jina hili ni zuri, lakini mtu asidanganyike nalo. Njia Nyeupe huzunguka usiku kucha pamoja na mbingu, na mwenye kuifuata akidhani yaenda Makka ataelekea pande zote kabla ya alfajiri.

Aristotle, mwana hekima wa Wayunani, alidhani ya kuwa weupe ule ni mvuke uwakao chini ya mwezi. Watu waliishika kauli hiyo muda mrefu kwa sababu ya ukubwa wa jina lake. Ibn al-Haytham, aliyekufa Misri yapata mwaka 1040, aliipinga kwa hoja nyepesi: kitu kilicho karibu, ukikitazama kutoka mahali pawili, huonekana kimehama mbele ya vilivyo mbali, na Majarra haihami, basi i mbali mno. Al-Biruni, wa zama zile zile, akasema ni mkusanyiko wa nyota ndogo ndogo zisizohesabika. Nasiri-din at-Tusi, aliyekufa mwaka 1274, akasema ni nyota nyingi zilizosongamana hata macho yakashindwa kuzipambanua. Hawa wote hawakuwa na darubini. Galileo wa Italia alipoielekeza darubini yake kwenye Njia Nyeupe, akaitoa khabari yake mwaka 1610, aliona nyota zile kwa macho. Lakini kuwataja wanavyuoni hawa kwa kujisifu, na huku anayewataja hakupata kukaa nje usiku mmoja akatazama walichokitazama, ni kama maskini ajisifuye kwa karamu aliyoila babu yake.

Sasa, ni kitu gani basi?

Mtu na ajikumbushe shamba kubwa la minazi lililo tambarare. Akisimama katikati akatazama mbele, huona mnazi nyuma ya mnazi, na nyuma yake mwingine, hata mashina yakawa kama ukuta mmoja. Akigeuka kushoto ni vile vile, na nyuma ni vile vile. Akitazama juu, huona makuti mawili matatu, kisha mbingu tupu. Njia Nyeupe ndio huo ukuta wa mashina. Jua, na ardhi pamoja nalo, vimo ndani ya shamba, wala haviko nje. Ndiyo maana shamba laonekana kama mkanda uliozunguka pande zote.

Ukubwa wa shamba hilo, kutoka ukingo hata ukingo, ni kiasi cha miaka ya nuru 100,000; na unene wake mahali lilipo jua ni kiasi cha 1,000 tu. Ni bapa kama mkate wa kumimina, limetuna katikati. Mwaka wa nuru ni masafa ambayo nuru huyakata katika mwaka mmoja, nayo ni kilometa zipatazo trilioni 9 na nusu. Hesabu hizo ulimi huzitamka na moyo hauzishiki. Basi na jua lifanywe chungwa moja, liwekwe barazani Tanga. Ardhi itakuwa chembe ya mchanga iliyo mbali na chungwa hilo kwa hatua kumi na mbili hivi. Na chungwa la pili, yaani nyota iliyo karibu na jua kuliko nyota zote, katika ujirani wa ile Rijili Kantori ing'aayo kando ya Salibu, litawekwa wapi? Litawekwa Mukalla, pwani ya Hadhramaut, na baina yake hapana chungwa jingine. Huo ndio ujirani wa nyota. Na machungwa ya namna hiyo, makubwa na madogo, katika Njia Nyeupe yakisiwa kuwa baina ya bilioni 100 na bilioni 400. Setilaiti ya Wazungu iitwayo Gaia, iliyorushwa mwezi wa Disemba 2013 na ikapima mpaka Januari 2025, ilipata kuziandika nyota karibu ya bilioni 2, nazo hazifiki mbili katika kila mia. Macho ya mtu, hata kwa giza la Bashay, huona kwa mara moja elfu mbili au tatu.

Katikati ya shamba pana nguzo ndefu ya nyota, na kutoka ncha zake yatoka matawi yaliyojizungusha kama kamba ya nanga iliyokunjwa sitahani. Jua halikuwekwa katika nguzo, wala katika tawi lililo kubwa. Limo katika kitawi kilicho kando, kiitwacho kwa jina la Jabari, mbali na kati kwa miaka ya nuru 26,000 hivi. Mwaka 1785 William Herschel wa Uingereza alichora sura ya Njia Nyeupe akaliweka jua karibu na katikati, kwa kuwa aliona nyota sawa sawa pande zote. Mwaka 1918 Harlow Shapley wa Marekani akalitoa pale. Alitazama yale mafungu ya nyota yaliyo mviringo, yapatayo 150 yajulikanayo, yaelekeayo juu na chini ya shamba, akaona kuwa yamezunguka mahali palipo upande wa Kausi, wala hayakulizunguka jua. Akajua ya kuwa pale ndipo kati, na jua li pembeni. Na jua hilo halikukaa. Lakwenda kilometa 220 au zaidi katika kila sekunde, pamoja na ardhi na vyote vilivyo juu yake, na kuuzunguka mzunguko mmoja huchukua yapata miaka milioni 230.

Pale kati, nyuma ya nyota za Kausi ambazo Julai hupita juu ya Bashay, pana kitu chenye uzito wa majua milioni 4 kilichojikusanya mahali padogo hata nuru isiweze kutoka. Wenye ilimu hiyo wakiita shimo jeusi. Sura ya mng'aro ulio kando yake ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022. Macho hayapaoni pale, na sababu yake ni yale mabaka meusi yaliyotajwa, nayo yana khabari ndefu.

Watu wa zamani waliyadhania kuwa ni mashimo, yaani mahali pasipo nyota. Edward Barnard wa Marekani, aliyepiga picha za mbingu miaka mingi, alichapisha mwaka 1919 orodha ya mahali 182 pa namna hiyo, na kila alivyozidi kutazama ndivyo alivyozidi kusadiki kuwa si utupu, bali ni pazia. Mwaka 1930 Robert Trumpler akathibitisha kwa vipimo kuwa baina ya nyota mna vumbi lipunguzalo nuru zake. Lile baka kubwa lililo ubavuni mwa Salibu, ambalo mtu aliye Bashay huliona kama shimo kwenye weupe, ni wingu la gesi na vumbi lililo mbali kiasi cha miaka ya nuru 600. Kwa hiyo mahali palipodhaniwa hapana kitu ndipo palipojaa.

Gesi iliyo baina ya nyota ni ya haidrojeni kwa sehemu kama tatu katika nne za uzito wake, na iliyobaki karibu yote ni heli. Vumbi ni kama moja katika mia, nalo ni chembe za makaa na za mawe mfano wa mchanga, ndogo kama moshi wa sigara. Hata hivyo wepesi wake wapita fikira. Mahali pengi, katika ujazo wa sentimita moja, hupatikana chembe moja tu ya gesi, na katika hewa avutayo mtu puani ujazo kama huo una chembe nyingi kuliko hesabu ya nyota zote za Njia Nyeupe, mara makumi ya mamilioni au zaidi. Ila kwa kuwa mahali penyewe ni papana mno, wepesi huo ukikusanywa huwa mzito wa kutosha kufanya majua. Na gesi iliyo baridi haiwaki wala haionekani. Hendrik van de Hulst wa Uholanzi alisema mwaka 1944 kuwa haidrojeni baridi yapasa kutoa mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 21, na mwaka 1951 yakasikiwa. Mawimbi hayo hulipenya vumbi, na kwayo ndiyo yalijulikana matawi ya shamba yaliyo ng'ambo ya pazia.

Wingu likiwa baridi na zito huanza kujiangukia kwa uzito wake lenyewe. Kati yake hukazana, hupata moto, na moto ukipita kiasi chake haidrojeni huungana ikawa heli, na nuru ikatoka. Hapo nyota imezaliwa. Atakaye kuona mahali pa uzazi huo, na atoke usiku wa Januari au Februari, aitafute mikanda ya Jabari, nyota tatu zilizojipanga; chini yake, penye upanga, kuna nyota yenye ukungu ambayo hata jicho tupu hulitambua. Ule ukungu ni gesi iwakayo kwa nuru ya nyota changa zilizomo ndani yake. Umbali wake ni kiasi cha miaka ya nuru 1,340. Nuru aionayo mtu leo ilitoka huko katika karne ya kwanza ya Hijra, wakati masahaba waliobaki wangali hai, ikawa njiani zama zote hizi.

Nyota nazo hufa. Zilizo kubwa hupasuka, na vilivyopikwa ndani yake hutupwa katika gesi: oksijeni, na chokaa ya mifupa, na chuma. Ali bin Ridhwan, tabibu wa Misri, alipokuwa kijana aliiona mwaka 396 wa Hijra, nao ni mwaka 1006, nyota ngeni upande wa kusini iliyoishinda Zuhura kwa ukubwa wa mng'aro, akaiandika khabari yake. Ilikuwa ni nyota iliyopasuka. Kutokana na gesi iliyotiwa vitu hivyo zikazaliwa nyota nyingine, na jua ni katika hizo za baadaye. Chuma cha jembe la mkulima wa Bashay, na chuma kilicho katika damu yake na damu ya mgeni wake, vilipikwa ndani ya nyota kabla ya jua hili kuwako.

Wala mtu wa pwani asidhani ya kuwa ilimu hii yote imetoka mbali na mlangoni pake. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kulijengwa na Wataliana majukwaa baharini ya kurushia maroketi, yaliyoitwa San Marco. Hapo, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta mbinguni miali ya eksirei, ambayo hewa ya ardhi huizuia isifike chini. Kwa ajili ya siku ile ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kufanyiwa kazi hiyo peke yake. Ikapata mahali 339 patokapo miali hiyo, na yaliyo na nguvu yalijipanga kwa wingi juu ya Njia Nyeupe. Ikabainika ya kuwa mengi katika hayo ni nyota mbili zilizoshikana, moja hai na moja iliyokufa, na maiti huvuta gesi ya mwenziwe, gesi ikazunguka na kuanguka, ikapata moto wa mamilioni ya digrii. Moja katika hizo, iliyo katika nyota za Dajaja, mbali kiasi cha miaka ya nuru 7,000, ikawa ndiyo ya kwanza kuaminiwa na wengi kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa nishani ya Nobel mwaka 2002. Wavuvi wa Ngomeni waliona moshi wa roketi. Ni wangapi waliopata kuelezwa iliona nini?

Hapa yapasa kusemwa neno juu ya watu wa namna mbili.

Wa kwanza ni wale wasemao kuwa haya ni maneno ya makafiri, na kuyasikiliza kwaharibu itikadi. Hao wamesahau ya kuwa mwisho wa Suratu Aali Imran wamesifiwa wenye kufikiri juu ya kuumbwa mbingu na ardhi, na ya kuwa katika Suratul Waqia Mwenyezi Mungu ameapa kwa mahali pa nyota. Mtu haambiwi atazame kisha akakatazwa kuona.

Wa pili ni wale ambao kila likitokea gazetini jambo la mbinguni, hukimbilia Msahafu wakasema limo. Wakisikia gesi, husema ndiyo ule moshi uliotajwa katika Sura Fussilat, na huapa. Hawa nia yao ni kuitukuza Qur'ani, lakini wanaifunga kwenye kigingi kisichokuwa imara. Lau mhubiri mmoja mwaka 1785 angaliapa kuwa Qur'ani yasema jua liko katikati ya Njia Nyeupe, kama alivyochora Herschel, mjukuu wake angalisema nini mwaka 1918? Kauli ya wataalamu hubadilika kwa kipimo kipya, na wao wenyewe hawaoni aibu kuibadilisha. Neno la Mwenyezi Mungu halibadiliki. Na hata leo yako makubwa wasiyoyajua: nyota za pembeni mwa Njia Nyeupe zaenda mbio kuliko uwezo wa vitu vyote vionekanavyo kuzishika, na hicho kizishikacho hakijajulikana ni nini. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, siku alipokufa mwanawe Ibrahim jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Hapakuwa na neno ambalo lingalimtukuza zaidi mbele ya watu wale, naye alikuwa na huzuni ya mzazi. Lakini alilikataa, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Ama yule mfanyabiashara, alizirudia sala zake. Umeme uliporudi alimpigia simu mwalimu wake wa chuoni Tanga, akamweleza yaliyomfika. Mwalimu hakumkemea. Alimwambia, "Usiku wa leo iweke simu ndani, utoke na mkono wako."

Akamfundisha hivi. Uitafute Salibu upande wa kusini, mwanzo wa mkanda mweupe. Ina mti mrefu na mti mfupi. Uchukue urefu wa ule mti mrefu, kutoka kichwani hata mguuni, uuendeleze kuelekea chini mara nne na nusu. Hapo ndipo kitovu kizungukwacho na nyota za kusini. Kwa Bashay kitovu hicho ki juu ya upeo kwa vidole viwili au vitatu vya mkono ulionyoshwa, na aghalabu kilima hukificha; basi uteremshe mstari kutoka hapo mpaka chini ya ardhi, ndiyo kusini ya sawa sawa. Uipe mgongo. Sasa umeelekea kaskazini, wala usiitafute Kutubu, kwani kwa watu walio kusini ya Ikweta imezama.

Yule mtu akasema, "Maalim, basi ndiyo kibla, kama Tanga." Akajibiwa, "Siyo." Mombasa yaelekea Makka kaskazini barabara, na Tanga hupotoka kwa digrii moja na nusu hivi, chini ya unene wa kidole. Lakini Bashay i magharibi ya Makka kwa digrii 4 na nusu, na mwenye kusali huko akielekea kaskazini tupu, kibla yake huangukia jangwa la Sudani, ng'ambo ya Bahari ya Sham, kilometa zipatazo 500 kutoka Nyumba Tukufu. Hana budi apotoke kulia kwa digrii 10 hivi. Na digrii 10 ni upana wa ngumi moja, mkono ukiwa umenyoshwa mbele.

Usiku ule mzee wa Kiiraqw alimkuta mgeni wake uani, amenyosha ngumi mbele ya uso wake, jicho moja amelifumba. Akasimama karibu naye bila ya kusema, hata alipomaliza. Kisha mgeni akaigeuza ngozi mwenyewe.

Atakaye kuiona Njia Nyeupe, na aitafute baina ya Mei na Septemba, baada ya Isha, katika siku za mwisho za mwezi wa Kiislamu, tangu ya ishirini na tano hata mwezi mpya, kwani siku hizo mwezi hauchomozi ila karibu na alfajiri. Atoke nje ya mji mpaka mahali taa zisipomfikia: mashambani, au kwenye mtepe wa mchanga upande wa bahari. Akae robo saa bila ya kuwasha tochi wala simu, macho yazoee giza, ndipo ainue kichwa.

Wallahu aalam.